Mtoki si malaria

Bwana mhariri, mwandishi wenu anasema tauni ni ugonjwa wa vitabuni, na kwamba homa zote hapa Aru ni malaria au taifodi. Nampinga. Rethy, kusini kwetu katika jimbo hili hili la Ituri, Kongo, tauni ilianza kuua watu tena Juni 2020.

Anasema kipimo cha malaria kikitoka chanya, kazi imekwisha. Hapo ndipo hatari ilipo. Kwetu wengi hubeba vimelea vya malaria damuni. Mtu aweza kuwa navyo na bado anauawa na bakteria ya tauni, *Yersinia pestis*. Kwinini haiigusi, penisilini haiiwezi. Jentamisini au doksisiklini humwokoa, zikianza mapema. Tauni ikifika mapafuni, humwambukiza anayemuuguza, na bila dawa huua kwa siku chache.

Basi muuguzi apapase kinena na kwapa: je, pana mtoki, yaani uvimbe wa tezi wa tauni, unaouma? Aulize: panya wamekufa nyumbani? Maswali hayo hayana gharama. Atoe majimaji ya mtoki yapelekwe maabara, na dawa ianze siku hiyohiyo, kabla ya majibu kurudi.