Dawa za metali: lawama isibaki kwa mama mkimbizi

Kila dawa inaposhindwa, lawama inamwangukia mgonjwa. Mama aliyekimbia vita anafikisha mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya, na anaambiwa: ninyi ndio mnaharibu antibiotiki, mnanunua vidonge vinne famasi halafu mnaacha. Ni kweli, nusu dozi inazoeza mikrobi dawa. Lakini nani anakunywa nusu dozi kwa kupenda? Anayenunua vidonge vinne ni yule mwenye pesa ya vidonge vinne.

Wenye viwanda vya dawa hawaguswi. Mwaka 2019 mikrobi sugu ziliua watu wapatao milioni 1.27 duniani. Mwaka huohuo watafiti walieleza Salmonella ya hapa Kongo, inayoingia kwenye damu na kushinda karibu dawa zote zinazotumiwa kuitibu. Makampuni mengi makubwa yameacha kutafuta antibiotiki mpya: dawa ya siku saba haileti faida kama ile ya kunywa maisha yote.

Na pa kutafuta papo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza mwaka 2020 matokeo ya kupima kemikali 906 zenye metali ndani yake. Kemikali 88 ziliua mikrobi bila kudhuru chembe za mtu katika maabara. Ni karibu 10 kwa kila 100. Kemikali zisizo na metali hazifikishi hata 1. Antibiotiki nyingi zinapiga mikrobi mahali pamoja, na mikrobi inajifunza kupakinga. Metali inaweza kupiga mahali kadhaa kwa wakati mmoja.

Kuna wanaosema metali ni sumu tu. Hofu hiyo ina sababu: melarsoprol, sindano ya malale yenye arseniki, iliua karibu mgonjwa 1 kati ya 20, na Wakongo wanaikumbuka. Lakini krimu ya fedha, fedha ile ya pete, inapakwa vidonda vya moto miaka mingi sasa, na bismuti inatibu tumbo. Kukataa bila kupima ni uvivu.

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kobalti ni moja ya metali zinazochunguzwa. Kusema kweli, dawa ingehitaji kidogo sana. Kinachokosekana si mawe, ni maabara. Kinshasa inajua kubishana juu ya bei ya kobalti. Ibishane pia ili sehemu ya ushuru huo ijenge maabara za kuotesha mikrobi katika hospitali za Kivu na Ituri, na dawa hizi zikifika hatua ya kujaribiwa kwa watu, waganga Wakongo wawemo. Inawezekana: vidonge vya fexinidazole dhidi ya malale vilijaribiwa hapahapa.

Kwa sasa nyingi ya kemikali hizo ziko bado maabara. Akitokea mtu kambini anauza unga wa mawe au "maji ya madini" kama dawa ya homa, asipewe hata franka moja.