Fundi Akibahatisha, Basi Linalipwa

UPEPO WA KUSI
Na Bakari Shaweji

Gari likianza kutoa kelele kila unapokata kona huku kwetu Kilwa, wengi hukimbilia kuuliza spea itapatikana wapi. Mimi nauliza kwanza nani amelishika hilo gurudumu. Dar es Salaam fundi akikosea, unarudi Ilala kununua kifaa kingine, jioni umemaliza. Huku Kilwa Masoko akikosea, kifaa kimeshaagizwa kwa simu, kimepakiwa kwenye basi, kimesafiri zaidi ya kilomita 300, kimefungwa, na kelele iko palepale. Mwenye duka naye hapokei kitu kilichokwisha kupakwa grisi.

Wanaoumia sana ni wageni wa Songo Mnara (si Songo Songo ya gesi, watu wa Dar hawachoki kuchanganya). Magofu yale, pamoja na ya Kilwa Kisiwani, yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, na huko hufiki na gari. Unaliacha Masoko, unapanda boti, unakwenda kwa saa za maji na si za kwako. Gari linabaki kwenye upepo wa chumvi mchana kutwa, pengine na usiku. Ukirudi ukaliondoa, matairi yanakwaruza. Hapo usimwite mtu. Sahani za breki zimeshika kutu nyepesi, na ukikanyaga breki mara chache itafutika. Kama mkwaruzo hauishi na uko upande mmoja tu, huenda kijiwe kimenasa kati ya sahani na bati lake la kukinga vumbi. Hilo nalo ni la bisibisi, halihitaji pochi.

Kelele inayokula fedha nyingi ni ile ya ka-ka-ka unapokunja usukani hadi mwisho huku unakanyaga mafuta. Hiyo mara nyingi ni sivi jointi ya nje. Gari linalovutwa na matairi ya mbele lina kazi ngumu: shafti lazima izungushe tairi ambalo wakati huohuo linageuzwa kushoto na kulia. Katika miaka ya 1920 Alfred Rzeppa alibuni kiungo chenye gololi sita zinazotembea kwenye mifereji, mzunguko usikatike hata tairi likipinda. Mini ya Uingereza ilipotoka mwaka 1959 ilitumia kiungo cha aina hiyo, na leo kimo kwenye IST na Vitz zinazojaa barabara zetu. Kiungo chenyewe ni kigumu. Kinachokiua ni raba inayokifunika: ikichanika, grisi inarushwa nje na mchanga unaingia, na mchanga ndio tulionao.

Basi kunja usukani mpaka mwisho, zima gari, chutama uchungulie nyuma ya tairi. Grisi imetapakaa ndani ya rimu? Umeshapata jibu kabla ya kumlipa mtu. Hukuliona? Nenda uwanja mtupu, zunguka polepole upande mmoja, kisha mwingine, madirisha wazi na redio kimya. Lakini ile Noah ya zamani, ya miaka ya tisini, husukumwa na matairi ya nyuma isipokuwa ikiwa ya 4WD. Fundi akikutajia sivi jointi ya mbele kwenye gari hilo, mwombe akuoneshe ilipo.

Beringi hailii hivyo. Yenyewe inavuma, na mvumo unapanda na mwendo. Kwenye mnyoofu wa kutoka Nangurukuru kwenda Somanga, barabara ikiwa wazi, pinda kidogo tu kushoto. Uzito unahamia matairi ya kulia, na mvumo ukikua, mshuku wa kulia. Ukipungua, mshuku wa kushoto. Kisha inua kwa jeki, weka kigingi, shika tairi juu na chini ulitikise, halafu lizungushe kwa mkono. Beringi iliyokufa unaisikia ikikwaruza mkononi. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Lindi, magari mengi yalipita kwenye maji yenye tope. Maji yakishapenya kwenye beringi, mvumo unaweza kuchelewa kujitokeza, na wakati huo mwenye gari ameshasahau mafuriko.

Mlio wa usukani ukiwa umesimama, kama mtu anayeguna, ni wa kuangalia kwanza mafuta ya pawa stelingi. Mlio wa "ko!" unapogeuza ni habari nyingine: kuna mounting ya shokapu, kuna tairodi, kuna boljointi. Tairi likicheza ukilitikisa kushoto na kulia, anza na tairodi.

Simlaumu fundi wa Masoko anayelala kwenye mchanga chini ya gari. Wengi wetu tunamwambia "linalia, angalia," tunakwenda kunywa chai, tukirudi tunataka orodha ya spea. Kelele yenyewe hajaisikia, maana gari lililosimama halikati kona. Mpakie, zunguka naye, mwambie linalia ukienda upande gani, ukiwa na mwendo gani, umekanyaga mafuta au umeachia. Kibandiko cha ukaguzi kwenye kioo hakimsaidii. Raba ya sivi jointi huchanika siku yoyote, hata baada ya ukaguzi. Na kabla ya yote, kama juzi ulibadilisha tairi kwa pancha, kaza nati.

Sivi jointi inayoanza kugonga inaweza kukufikisha Dar kwa mwendo wa adabu. Boljointi iliyolegea usiijaribu, wala beringi inayotikisika. Boljointi ikichomoka, tairi linalala ubavu na usukani hauna la kufanya, na kule Somanga lori linakuja mbele yako. Gari hilo likae Masoko mpaka basi lilete kifaa, hata kama ni siku tatu, na wageni watafutiwe usafiri mwingine.