Kushusha gari la spoti: springi, koilova na gharama zinazojitokeza njiani

Mawakala wa forodha wa Dar es Salaam wanayafahamu vizuri magari yanayoshushwa mara mbili: kwanza na fundi huko Japani, aliyeyapunguza kimo, kisha na meli bandarini. Mara nyingi huwa ni Toyota Altezza, Mark X au Subaru Impreza. Mwenye gari yuko Lusaka au Ndola, amelipenda kwenye picha za mnada kwa sababu limekaa chini, na sasa anamsubiri dereva wa transit amfikishie Tunduma. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 900. Ina matuta ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ina kona za mlima Kitonga, na ina matuta mengine karibu kila kijiji chenye shule kando ya barabara.

Gari likifika mpakani bampa la mbele limepasuka na sampu inavuja oili, ugomvi huanza. Mwenye gari humlaumu dereva, dereva hulilaumu gari, naye wakala hubaki katikati na fedha za kazi hiyo zikiwa zimezuiwa. Mara nyingi chanzo cha hasara hiyo hakiko Mikumi. Kiko kwenye aina ya springi na shokapu ambazo mtu alichagua mapema zaidi, bila kufikiria barabara hii.

Biashara hii ina njia mbili, na sheria za umri wa magari ndizo zilizozitenganisha. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, ilifunga mlango kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Tanzania haijaweka marufuku ya aina hiyo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Kwa hiyo Altezza, ambayo ilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, haiwezi tena kuingia Mombasa kwa matumizi ya Kenya, ila Dar es Salaam bado inapokelewa. Huku kusini, basi, gari huja likiwa limeshashushwa. Nairobi na Kampala vijana hununua gari jipya kidogo na kulishushia nyumbani, kwa vipuri vinavyotoka Japani, Dubai, Taiwan na China. Mwenye duka la Kirinyaga Road au Kisekka anauza springi, na mwenzake wa Dar es Salaam anasafirisha gari ambalo springi zake zimeshafungwa. Swali linalowakabili ni lile lile: gari la kwenda nalo kazini kila siku lishushwe kwa kiasi gani, na kwa kifaa gani?

Wateja wengi huuliza sentimita. Wanataka kujua litashuka mbili, nne au sita. Kipimo chenye maana zaidi ni safari iliyobaki, yaani nafasi ambayo shokapu inaweza kujikunja kabla haijagonga mpira wake wa mwisho. Chukua mfano wa gari lenye nafasi ya sentimita 14 kati ya tumbo na ardhi, kipimo cha kawaida kwa sedani za spoti. Likishushwa sentimita 4 hubaki 10. Wakipanda watu wanne na mizigo ya sikukuu, linaweza kushuka nyingine 2 au 3. Kama shokapu ilikuwa na safari ya sentimita 7 kwenda chini, nne zimeshaliwa na springi na mbili zimeliwa na abiria. Hapo tuta dogo tu linatosha kuifikisha mwisho, na kishindo kinachosikika ni cha chuma na mpira. Dereva husema gari ni gumu, kumbe springi yenyewe haijapewa nafasi ya kufanya kazi.

Ndiyo maana springi za kushushia zilizotengenezwa vizuri huwa ngumu kiasi kuliko za kiwandani. Watengenezaji wa Japani huandika ugumu huo kwa kilo kwa milimita. Springi ya kilo 4 hujikunja milimita 10 ikiwekewa uzito wa kilo 40, na ya kilo 8 hujikunja nusu ya hapo. Kwa gari la kila siku ugumu ulioongezwa kidogo husaidia, kwa kuwa huilinda ile safari fupi iliyobaki. Ugumu wa mashindano, kilo 8, 10 au zaidi, kwenye barabara ya viraka hufanya gurudumu lirukeruke badala ya kushika lami.

Katika maduka kuna mambo manne yanayouzwa kwa jina moja la kushusha. La kwanza halistahili kuitwa bidhaa: kukata springi kwa msumeno au kuichoma kwa gesi ili isinyae. Springi iliyokatwa haikai sawa kwenye kikombe chake, na gari likiinuliwa kwa jeki inaweza kuchomoka kabisa. Ile iliyochomwa imepoteza ugumu wa chuma chake na itaendelea kulala. Fundi anayefanya kazi hiyo hulipwa kidogo na huondoka. Anayerudishiwa lawama ni muuzaji wa gari.

La pili ni springi fupi juu ya shokapu za zamani. Hapa ndipo fedha nyingi za wateja hupotea, kwa sababu bei yake inavutia. Shokapu ya kiwandani iliundwa kutuliza springi laini yenye kimo chake. Ukiipa springi fupi na ngumu, tena ikiwa imeshakimbia kilomita laki moja, hushindwa kuizuia isirudi juu kwa kasi, na sili zake huanza kuvuja. Mteja alidhani ameokoa pesa, lakini miezi michache baadaye ananunua shokapu nne na kulipa ufundi mara ya pili.

La tatu ni springi pamoja na shokapu zinazolingana nazo, na kushuka kwa sentimita 2 hadi 3 tu. Kwa gari linalopeleka watoto shule asubuhi na kwenda Naivasha au Morogoro mwisho wa wiki, hili ndilo chaguo lenye hoja nzito zaidi. Muonekano hubadilika, lile pengo juu ya tairi hupungua, kona hushikwa vizuri zaidi na matuta bado yanapitika. Tatizo lake ni kwamba halina mvuto wa picha. Hakuna kijana anayejisifu kwa sentimita mbili na nusu.

La nne ni koilova, springi na shokapu zilizoungana zenye kola ya kuzungusha ili kupandisha au kushusha. Hapa mfanyabiashara anatakiwa kujua tofauti ambayo kwenye boksi haionekani. Katika koilova za bei ya chini, kola hupandisha au kushusha kikombe cha springi peke yake, na kila ukishusha unakula safari ya shokapu. Katika zile ambazo mguu wa chini nao huzunguka, kimo hubadilishwa kwa huo mguu na safari ya shokapu hubaki ilivyo. Kwa gari la kila siku hiyo ya pili ina thamani ya bei yake. Aidha, chagua yenye mpira juu kwenye kikombe cha bodi. Zile za bolu ya chuma ni sahihi kwa uwanja wa mashindano, lakini vumbi likiingia huanza kugonga, na mteja atarudi dukani akidai ameuziwa kifaa kibovu. Shokapu za mabomba mawili nazo zisidharauliwe. Kokoto ikibonyeza bomba la nje, pistoni iliyo ndani ya bomba lake huendelea kufanya kazi, wakati ile ya bomba moja inaweza kukwama papo hapo.

Kuna dhana kwamba kadiri gari linavyokuwa chini ndivyo linavyoshika kona. Kwa Impreza za miaka ya 2000 mwanzoni, zenye springi na shokapu zilizosimama wima mbele na nyuma, si kweli baada ya kiwango fulani. Amu za chini zikishapita usawa na kuelekea juu, kitovu ambacho bodi hulalia hushuka haraka kuliko uzito wa gari, na gari huanza kulala zaidi kwenye kona. Altezza, yenye amu juu na chini kwa kila gurudumu, hustahimili zaidi. Na inafaa ikumbukwe kwamba Impreza zilizoshinda Safari Rally mwaka 1997 na 2000, zikiendeshwa na Colin McRae na Richard Burns, zilikuwa zimepandishwa. Waliozijua barabara za Kenya hawakutaka kukaa chini.

Gharama nyingine ni matairi. Gari likishuka, magurudumu huinama na vipimo vya uelekeo hubadilika. Bila kupima alaimenti, ukingo wa ndani huliwa hadi nyuzi zionekane huku upande wa nje ukiwa bado mzuri, jambo ambalo askari wa barabarani wanaweza kulikuta kabla ya mwenye gari. Alaimenti ipimwe siku ya kufunga na irudiwe springi zikishatulia, baada ya kilomita mia chache. Duka linalouza springi bila kumkumbusha mteja jambo hili linawatajirisha wauza matairi.

Kwa mwagizaji wa vipuri, namba ya chasi ndiyo ya kuanzia. Altezza ya SXE10 yenye injini ya silinda nne haibebi uzito sawa mbele na GXE10 ya silinda sita, na Impreza ya GDA na ile ya GDB si gari moja. Springi halali huwa na namba ya kipuri iliyochapwa kwenye koili, inayolingana na karatasi ya kwenye boksi. Rangi ya kijani au nyekundu peke yake haithibitishi lolote, maana kopo la rangi liko kila duka.

Kwenye forodha nako kuna mtego. Koilova kamili, au shokapu peke yake, huainishwa katika 8708.80 pamoja na sehemu nyingine za kubebea gari. Springi za koili za chuma zikija peke yake huingia 7320.20, kwa sababu kanuni za uainishaji huzihesabu kuwa vifaa vya matumizi ya jumla hata kama zimetengenezwa kwa gari la aina moja tu. Anayechanganya katoni za vyote viwili na kuandika mstari mmoja kwenye tamko anaukaribisha ukaguzi. Kwa mzigo wa Kenya, cheti cha ulinganifu wa viwango kabla ya kusafirisha kimekuwa sharti tangu mwaka 2005, na hakitafutwi meli ikiwa imeshaondoka.

Wanaonunua gari zima waisome karatasi ya mnada kwa makini. Neno "shakocho" lina maana kwamba gari lina koilova za kurekebishwa kimo. "Rodaun" humaanisha limeshushwa tu, pengine kwa springi fupi. Sheria ya Japani inataka nafasi isiyopungua sentimita 9 chini ya gari, na gari lenye kipimo hicho hupita ukaguzi kwao bila shida. Barabara zao zinaruhusu. Kipimo hicho hicho kikiletwa Mikumi ni bampa jipya. Muulize muuzaji pia kama springi za kiwandani bado zipo. Zikiwa ndani ya buti ziandikwe kwenye nyaraka, kwani kitu kisichotamkwa ndani ya gari la RoRo huweza kupotea, na kisipopotea huleta maswali.

Hapa wasafirishaji wana la kufanya kabla ya safari. Gari la shakocho lipandishwe Dar es Salaam. Ni kazi ya saa chache kwa fundi anayeijua, na bei yake ni ndogo ukiilinganisha na sampu. Gari la springi fupi haliwezi kupandishwa, hivyo lipelekwe juu ya lori la kubebea magari, lenye mbao ndefu za kupandia ili mteremko usiwe mkali na pua isigonge.

Kwa lolote kati ya hayo, kimo kipimwe wakati wa kukabidhiana, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne. Kipimo cha kutoka ardhini hubadilika kwa upepo wa tairi, hiki hakibadiliki. Tumbo na bampa vipigwe picha, namba ziandikwe kwenye fomu, dereva na wakala watie saini, na mwenye gari atumiwe nakala kwa simu kabla gari halijatoka getini. Tunduma vipimo virudiwe.

Jambo moja dogo huchelewesha wengi. Kola za koilova huzungushwa kwa spana maalum yenye ndoana, ambayo Wajapani wengi huiacha kwenye buti. Ikiwa haipo, iagizwe mapema. Na nyuzi za kola zikiwa na chumvi ya bahari au ya barabara za theluji, zipakwe oili ya kulainisha usiku wa kuamkia kazi, maana anayezigonga kwa patasi na nyundo huzivunja, na gari hubaki chini kama lilivyokuja.