'Kubali tu uende nyumbani': Ushauri wa seli unaowaponza vijana kortini

UKILALA seli usiku mmoja tu, utapata wakili wa bure kabla hakujapambazuka. Si wa kusomea. Ni yule jamaa wa kona aliyeingia na kutoka humo mara tatu, na ushauri wake haubadiliki: "Buda, kesho ukisomewa mashtaka, kubali tu. Hakimu atakupiga faini kidogo, jioni uko mtaani."

Tangu maandamano ya Juni 2024, vijana wengi Kenya wameonja korti kuliko walivyowahi kufikiria. Nambari za simu za mawakili zilisambazwa mitandaoni, na Chama cha Mawakili (LSK) kikajitolea kuwatetea waliokamatwa bila malipo. Ilisaidia. Juni 2025, kwa mfano, hakimu wa Milimani alitupilia mbali shtaka dhidi ya msanidi programu aliyeunda tovuti ya kuwawezesha Wakenya kutuma baruapepe za kupinga Mswada wa Fedha. Mawakili wake walipinga shtaka lenyewe kwamba halikuonyesha kosa lolote, na hakimu akakubali. Kesi ilikufa kabla ya shahidi hata mmoja kuitwa.

Lakini si kila anayekamatwa ana hashtegi. Kijana anayefikishwa Makadara au Kibera Jumanne asubuhi kwa ajili ya simu ya wizi hana kamera wala mawakili nyuma yake. Ana mamake tu, pale benchi la nyuma, ameshika elfu tano za kukopa.

Tuiangalie hiyo simu, maana ni kesi inayoweza kukupata hata wewe unayesoma hapa. Umenunua simu kwa jamaa fulani mtaani kwa elfu nane, risiti hakuna. Wiki mbili baadaye makachero wanaifuatilia hadi kwako. Hati ya mashtaka inakuja na mambo mawili: wizi, halafu shtaka mbadala la kupatikana na mali ya wizi. Hilo la pili linasikika dogo. Si dogo hata kidogo. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu ufungwe hadi miaka 14.

Sasa ukifuata ule ushauri wa seli, utasema "ni kweli." Kweli gani? Kweli ulipatikana na simu, ama kweli ulijua imeibwa? Hayo ni mambo mawili tofauti. Kosa haliko kwenye kushika simu. Liko kwenye kujua, au kuwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Wengi hukubali la kwanza wakaandikiwa la pili.

Sheria inajua hatari hii ndiyo maana kukiri kuna hatua zake. Shtaka lazima lisomwe kwa lugha unayoielewa. Katika mahakama za chini lugha ni Kiingereza au Kiswahili, na usipoelewa yoyote kati ya hizo unapewa mkalimani. Ukikiri, kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya jinsi mambo yalivyotokea, kisha unaulizwa kama ni sahihi. Hapa ndipo watu husinzia. Ukisema "simu nilikuwa nayo lakini sikujua ni ya wizi," hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana. Hata kama ulikuwa umeshakiri, unaweza kuomba kubadilisha kabla hujahukumiwa. Ukishahukumiwa, mlango unakuwa mwembamba: aliyekiri katika mahakama ya hakimu hukata rufaa dhidi ya adhabu, si dhidi ya kupatikana na hatia.

Na tuseme umelipa faini, jioni uko mtaani kama ulivyoahidiwa. Rekodi imebaki na alama zako za vidole ziko kwa DCI. Siku utakapoitwa kazini, iwe ni udereva wa teksi za apu au kibarua cha Ghuba, utaulizwa cheti cha maadili mema.

Kwa nini basi watu hukubali? Si ujinga. Ni rumande. Ukikana unatajiwa dhamana, na dhamana ya elfu hamsini kwa mtu wa elfu tano ni sawa na kunyimwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema masharti yawe ya kadiri, kwa hivyo unaweza kusema papo hapo unafanya kazi gani, unaishi wapi, nani anakutegemea, na kuomba yapunguzwe. Hakimu akikataa, Mahakama Kuu inaweza kuyapitia upya. Dhamana ya pesa taslimu hurudishwa kesi ikiisha mradi umekuwa ukifika kortini, kwa hivyo mama atunze risiti kama kitambulisho. Na kama kosa adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza usiwekwe rumande kabisa. Hilo jamaa wa kona hakwambii.

Ukishakana, kazi ndiyo inaanza. Omba taarifa za mashahidi na nakala za ushahidi mapema. Ni haki yako chini ya Kifungu cha 50. Tafuta ujumbe wa M-Pesa uliomlipa muuzaji, mazungumzo yenu ya WhatsApp, na mtu aliyekuwepo mkinunua. Usingoje zamu yako ya kujitetea ndipo umtaje muuzaji. Mpelelezi akiwa kizimbani, muulize: "Nilikuambia nilinunua kwa nani? Ulimtafuta?" Usipouliza, mahakama inaweza kusema hadithi yako umeitunga baadaye, na mahakama zetu husema hivyo kila mara.

Uliza, usihutubu. Nafasi ya kueleza yako itakuja. Mtu asiye na wakili humwambia shahidi "wewe ni mwongo" mara tano na hajauliza swali hata moja.

Bei nayo itakusumbua. Simu ya elfu sitini kununuliwa kwa elfu nane ni jambo ambalo lazima uwe na jibu lake, kwa sababu ukipatikana na kitu kilichoibwa juzi, mahakama hutarajia maelezo. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka la maana, sawa, lakini kimya chako hapa kina gharama.

Ukipatikana na kesi ya kujibu una njia tatu: kunyamaza, kutoa maelezo bila kiapo, au kula kiapo ukahojiwa. Maelezo bila kiapo yanavutia kwa sababu hakuna wa kukuhoji, ila huwa mepesi kwenye mizani. Kama una M-Pesa na shahidi, mimi ningekula kiapo.

Linalokera ni kwamba haya yote yanaachiwa kijana peke yake, ilhali upande wa pili una mtu anayelipwa na serikali. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2016, na Katiba inaahidi wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila yeye kutakuwa na dhuluma kubwa. Lakini Mahakama ya Juu ilisema 2017 kwamba haki hiyo si ya moja kwa moja; huangaliwa uzito wa shtaka, ugumu wa kesi na uwezo wako. Wa mauaji hupewa. Wa wizi wa mabavu, kosa ambalo adhabu yake iliyoandikwa ni kifo na husikizwa na hakimu, anaweza kujikuta akijitetea mwenyewe. Kwa hivyo omba wakili siku ya kwanza, kwa sauti, na uhakikishe hakimu ameandika kwamba umeomba.

Mambo yakienda vibaya, usirudi seli kumuuliza yule jamaa cha kufanya. Muda wa rufaa ni siku 14, na huanza kuhesabiwa siku ile ile unapohukumiwa.