Mwewe, tumbusi na bwana nyama: nani mwenye haki ya kuua?



Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na hata huku Butiama na viungani mwa Musoma, ni nadra kumkuta mfugaji asiyelijua swali hili. Mchana mwewe ameshuka uani na kuondoka na kifaranga. Usiku fisi ameingia zizini, na asubuhi tumbusi wameshautanda mzoga wa ndama. Mwenye mali anaambiwa kwamba viumbe hao wanalindwa na sheria. Naye anauliza: na mimi, nalindwa na nani?

Wiki hii tumeona tulitazame swali hilo kwa upande wa ndege walao nyama. Je, inafaa wapunguzwe? Na ikiwa inafaa, nani apewe kazi hiyo: mwenye kuku, mwenye shamba, au bwana nyama wa serikali?

Tuanze na yale ambayo wasomaji wetu wengi wanayafahamu. Katika Hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha (RA), nayo imo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ametaja viumbe watano waharibifu ambao yaruhusiwa kuwaua hata ndani ya eneo takatifu la Makka: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali. Mwewe, basi, ametajwa kwa jina. Wapo wanaoishika Hadithi hii wakadhani kwamba wamepata ruhusa ya kumwangamiza kila ndege mwenye makucha aonekanaye angani.

Wanazuoni hawakuisoma hivyo. Imam Malik, katika Muwatta, amesema kuwa mwenye ihramu haui katika ndege wenye madhara ila wale wawili waliotajwa, kunguru na mwewe. Akiua mwingine, anatoa fidia. Wafuasi wa Imam Shafi, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu, wameipanua hukumu kwa kuitazama sababu yake, yaani madhara, na wapo kati yao waliomwingiza hata tumbusi katika orodha. Lakini hao hao wameweka fungu la pili: kiumbe mwenye madhara na manufaa kwa pamoja, mfano kipanga afundishwaye kuwinda. Huyo, wamesema, haipendekezwi kumuua wala haichukizwi. Mizani, kwa hiyo, ni madhara na manufaa. Na mizani hiyo haipimiki bila elimu ya viumbe wenyewe, elimu ambayo leo tunayo zaidi kuliko waliotutangulia.

Tumbusi hamnyakui mbuzi aliye hai na mzima. Huja baada ya kifo. Kundi lake huweza kuumaliza mzoga kwa muda wa saa chache, kabla haujawa chemchemi ya maradhi. India wamelijua hilo kwa gharama kubwa. Kuanzia miaka ya 1990, dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, waliyopewa ng'ombe, iliwaua tumbusi waliokula mizoga yao, hata zaidi ya asilimia 95 ya aina kadhaa ikatoweka. Mizoga ikabaki, mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Serikali ya India iliipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Uchunguzi wa wachumi uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 watu wapatao nusu milioni walikufa kwa sababu zilizofuatana na kutoweka kwa ndege hao. Sisi wa Mara, ambao mbwa wa vijijini mwetu wamekuwa wakichanjwa kwa miaka mingi kwa kuhofia ugonjwa huo huo, hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Tai na vipanga nao hula panya wa ghalani na ndege waharibifu wa nafaka. Mkulima wa mtama anayewalaani kweleakwelea asisahau kwamba sumu inyunyiziwayo viota vya kweleakwelea huwaua pia vipanga waliokuwa wakiwala.

Hapa ndipo ilipo balaa yenyewe. Katika nchi zetu ndege walao nyama hawapunguzwi kwa bunduki. Wanamalizwa kwa sumu, tena mara nyingi sumu isiyokusudiwa wao. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe hupaka dawa ya wadudu wa mashambani juu ya mzoga ili ampate simba au fisi. Mwaka 2018 simba tisa walikufa kwa namna hiyo katika kijiji cha Nyichoka, wilayani Serengeti, mkoani kwetu. Mwaka huo huo, karibu na Hifadhi ya Ruaha, simba sita walikutwa wamekufa pamoja na tumbusi zaidi ya 70. Upande wa pili wa mpaka, katika Maasai Mara, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba tumbusi walikuwa wamepungua kwa takriban asilimia 60 katika miaka 30. Ni ndege wale wale, maana tumbusi hana pasipoti. Naye hutaga yai moja tu, na kinda lake huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika daraja la mwisho la hatari ya kutoweka.

Fiqhi inaijua haki ya kumzuia mshambuliaji, awe mtu au mnyama, ila inaiwekea mpaka: aanzwe kwa lililo jepesi, na asiguswe asiyeshambulia. Sumu haimjui aliyeua ndama. Humwua fisi, tumbusi, mbwa wa jirani, na huweza kumfikia mtoto aliyeokota nyama asiyoijua asili yake. Hatuoni njia ya kuihalalisha.

Uingereza swali hili wanalijadili kwa namna nyingine, na inafaa tuijue ili tusiige tusichokihitaji. Huko mwenye ardhi huajiri mlinzi wa mawindo, ambaye hulea ndege jamii ya kwale na kuku, kisha huwaachia ili wageni waje wawapige risasi kwa burudani. Kipanga mmoja mkubwa, anayelindwa na sheria, huwala ndege hao wachanga. Mlinzi mmoja alikwenda Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2015, na mwaka uliofuata akapewa leseni ya kuua wasiozidi 10. Scotland wamekwenda upande mwingine: kwa sheria ya mwaka 2024 mwenye shamba la mawindo ni lazima awe na leseni, ambayo aweza kunyang'anywa iwapo ndege walao nyama wanauawa kwake. Mlinzi wa huko ni mtumishi wa mwenye burudani. Kumpa yeye uamuzi wa nani afe ni kumfanya mdai awe kadhi katika kesi yake mwenyewe.

Bwana nyama wetu ni mtumishi wa umma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, imewaweka wanyama na ndege wa porini chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi, na imekataza kuwinda kwa sumu. Kwa hiyo tunasema: ikiwa ndege fulani amezidi madhara, uamuzi uwe wa bwana nyama, kwa ndege huyo na mahali hapo. Jambo la halali laweza kuzuiliwa na kiongozi kwa maslahi ya wote. Hilo si geni katika dini yetu.

Lakini dhamana ina pande mbili. Mwalimu Nyerere, aliyelala Mwitongo, Butiama, ndiye aliyetoa Tamko la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori (tusilichanganye na Azimio la 1967), akiahidi kwamba Tanganyika itawatunza kwa ajili ya vizazi vijavyo. Ahadi ilitolewa kwa jina la taifa zima. Mzigo wake wa kila usiku anaubeba jirani wa hifadhi. Kifuta jasho kimewekwa kwa madhara ya wanyama hatari kama tembo, simba na mamba; kifaranga aliyebebwa na mwewe hana fungu humo. Kwa huyo, mama wa nyumbani anajua dawa tangu zamani: tenga la kuwafunikia vifaranga mpaka waote manyoya, na kuku mwenye watoto asiachwe mbali na mti au kichaka.

Kwa ndama aliyeuawa, tenga halitoshi. Sumu hupakwa usiku ule ule wa kwanza, hasira ikiwa bado mbichi na mzoga bado haujaoza. Bwana nyama afikaye siku ya tatu huja kuhesabu tumbusi waliokufa. Halmashauri za Bunda, Butiama na Musoma ziulizwe hilo kwenye mikutano ya vijiji: simu ya mfugaji ikipigwa alfajiri, ni nani anayeipokea, na ana pikipiki yenye mafuta ya kumfikisha kijijini kabla ya magharibi?