Kicheko kinavuta watu, lakini nani analipa?

Kijana wa Shituru, Likasi, anayetaka kuuza mchezo wa kupigana wa simu hana pesa za matangazo. Anachoweza ni kutoa video fupi za kuchekesha. Je, zitamlipa?

Mfano wa karibu ni wa filamu, kutoka mtaa maskini wa Wakaliga, Kampala. Mwaka 2010 Nabwana I.G.G. aliweka YouTube kionjo cha filamu yake ya mapigano, « Who Killed Captain Alex? », iliyogharimu chini ya dola 200. Kikasambaa duniani. Maelezo ya utani ya VJ Emmie yakaongeza vicheko.

Lakini kutazamwa siyo kulipwa. Nyumbani, waigizaji walizungusha DVD mlango kwa mlango kabla wanaonakili hawajawawahi. Mwaka 2015 Nabwana aliomba dola 160 kwenye Kickstarter, tovuti ya michango. Watu 374 wakatoa zaidi ya 13.000.

Hilo ni somo kwa mji uliozoea kutegemea kiwanda cha shaba cha Gécamines: video ichekeshe, lakini mwishoni ionyeshe namba ya M-Pesa au Airtel Money. Bila hiyo, watu watacheka bure, na kijana atarudi kuomba kazi kiwandani.