Mateso Yaitwe Mateso

Tarehe 28 Aprili 2004 televisheni ya CBS ya Marekani ilizianika picha za gereza la Abu Ghraib, karibu na Baghdad, na tangu siku hiyo sura moja imesimama mbele ya nyengine zote. Ni sura ya Lynndie England, askari wa cheo cha chini, mwenye umri wa miaka ipatayo 21 pale picha zilipopigwa mwishoni mwa mwaka 2003. Ndiye aliyeshika ukanda uliofungwa shingoni mwa mfungwa aliyelala uchi sakafuni. Ndiye aliyeng'ata sigara huku akiwacheka wanaume waliovuliwa nguo na kufunikwa vichwa. Walimwengu walimtazama, wakamlaani, kisha wakaenda zao wakidhani hesabu imefungwa.

Haijafungwa. Kabla ya mkono wa askari kuushika ukanda ule, kalamu ya wakubwa ilikwisha kuligeuza neno. Nasi tunaojiita watu wa maneno, tukilipokea neno hilo jinsi lilivyogeuzwa, tutakuwa tumetia mkono wetu katika ukanda ule ule.

Tuanze na askari mwenyewe, maana wapo wanaomtolea udhuru. Husema alikuwa binti mdogo aliyemtii Charles Graner, mpenzi wake na askari mwenziwe aliyemzidi umri kwa miaka mingi. Udhuru huu haufai. Katika kikosi hicho hicho alikuwamo Joseph Darby, naye askari wa cheo cha chini, aliyeziona picha zile na mnamo Januari 2004 akazifikisha kwa wapelelezi wa jeshi. Sare ilikuwa moja, vita vilikuwa vimoja, na bado dhamiri ya mmoja ilisema. Mnamo 2005 mahakama za kijeshi zilimhukumu Graner kifungo cha miaka 10 na England miaka 3. Hatuna machozi ya kuwalilia.

Lakini wakubwa wao walitaka mizani ikomee hapo. Walisema ni wachache tu waliopotoka. Mtu wa pwani hadanganyiki kwa hoja hiyo, kwani akienda sokoni hufunua matamvua ya samaki kabla ya kutoa fedha yake. Ajua kuoza huanzia kichwani. Basi nasi tufunue. Agosti 2002 wanasheria wa Wizara ya Sheria ya Marekani waliandika kwamba maumivu ya mwili hayawi mateso mpaka yafikie kiasi cha yale yanayoambatana na kifo, au na kiungo kushindwa kufanya kazi. Desemba 2002 Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld, alitia sahihi orodha ya njia za kuwahoji mahabusu wa Guantanamo, zikiwamo kuwavua nguo na kuwatisha kwa mbwa. Mwezi uliofuata aliifuta idhini hiyo, lakini njia zenyewe zilikwisha kusafiri. Agosti 2003 Jenerali Geoffrey Miller, mkuu wa kambi ya Guantanamo, alipelekwa Iraki kushauri namna ya kuwahoji wafungwa. Haikupita miezi mingi kamera za Abu Ghraib zikaanza kazi. Desemba 2008 kamati ya majeshi ya Seneti ya Marekani yenyewe ilikiri kwamba maovu yale hayakuwa ya askari wachache waliojiamulia.

Na nani aliyelipa? Askari 11 wa vyeo vya chini. Ofisa pekee aliyefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, Luteni Kanali Steven Jordan, alionekana mwaka 2007 kuwa hana hatia ya maovu waliyotendewa wafungwa. Manadel al-Jamadi alifia gerezani humo Novemba 2003 akihojiwa na watu wa CIA, maiti yake ikazungushiwa barafu, na hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo chake.

Sasa tulitazame neno. Mei 2004 Rumsfeld aliwaambia waandishi kwamba tuhuma zilizokuwapo ni za unyanyasaji, na kwamba unyanyasaji, kitaalamu, si sawa na mateso. Neno mateso akakataa kulijadili. Walinzi nao walieleza kwamba walitakiwa wawalainishe wafungwa kabla ya mahojiano. Kulainisha! Kwetu apigwaye mpaka alainike ni pweza, naye hupigwa akiwa amekwisha kufa. Binadamu aliye hai, mwenye jina na mwenye mama, halainishwi. Huteswa.

Tusidhani ufundi huu wa maneno ni mgeni katika pwani yetu. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kandokando ya Mto Tana, walinzi wa serikali ya kikoloni waliwapiga mahabusu 11 hadi kufa kwa sababu ya kugoma kufanya kazi. Tamko la mwanzo la serikali lilidai watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Ilipita zaidi ya nusu karne, mpaka Juni 2013, ndipo Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alipotamka bungeni kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni. Miaka 54 neno moja liliwekwa kizuizini pamoja na wenyewe.

Wala vita vya juzi havikutupita. Mvuvi mmoja Mtanzania alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akatiwa katika jela ya siri ya CIA huko Afghanistan, kisha Bagram, akaachiwa mwaka 2008 pasipo kushitakiwa kwa lolote. Aliyotendewa yaliitwa mbinu za kuhoji. Mwaka 2015 yeye na wenziwe waliwashitaki wanasaikolojia wawili waliozibuni mbinu hizo, na mwaka 2017 kesi ikamalizwa kwa maafikiano.

Yupo atakayesema kwamba waliofungwa walikuwa maadui, na adui haoni huruma. Ajibiwe kwa taarifa ya Shirika la Msalaba Mwekundu ya Februari 2004: maofisa wa upelelezi wa majeshi yaliyoikalia Iraki wenyewe walikadiria kwamba kati ya asilimia 70 na 90 ya waliokamatwa walikamatwa kwa makosa. Na hata angekuwapo adui wa kweli ndani ya zile seli, kumfunga ni jambo moja, kumdhalilisha ni jengine.

Yupo pia atakayesema kwamba jarida la mashairi si mahala pa mambo haya. Huyo ndiye mwenye kosa kubwa zaidi. Waliotayarisha Abu Ghraib hawakuanza kwa mijeledi, walianza kwa fasili ya neno moja, na fasili ni kazi yetu. Mshairi anayehangaika usiku kucha kutafuta kina kilicho sawa, kisha asubuhi akaandika "mahojiano makali" pale mtu alipofungiwa ukanda shingoni, vina vyake havina thamani. Novemba 2024 baraza la mahakama huko Virginia liliitoza kampuni ya CACI, iliyokodisha wahoji Abu Ghraib, dola milioni 42 kwa ajili ya Wairaki 3. Walisubiri miaka 20. Wasisubiri tena lugha yetu. Kiswahili kina neno, nalo ni mateso, liandikwe.